Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Tabianchi: beji ya nchi isiwe kichaka cha fedha za mafuta

Kwa Mheshimiwa Simon Stiell,
Katibu Mtendaji,
Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi,
Bonn, Ujerumani.

YAH: KUZIBA MWANYA UNAOPITISHA FEDHA ZA MAFUTA HADI MEZA YA MAZUNGUMZO

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu fomu ambayo kila anayehudhuria mkutano mkuu wa tabianchi huijaza kabla ya kupewa beji. Tangu mkutano wa Dubai wa mwaka 2023, fomu hiyo inamtaka mshiriki aseme anatoka taasisi gani na ana uhusiano gani na waliompendekeza. Ilikuwa hatua njema, na ofisi yako inastahili pongezi kwa kuisimamia. Lakini kwenye swali la uhusiano mliacha jibu moja la kujichagulia: kutotaja. Kuelekea mkutano wa Belém wa mwaka 2025 mkasogea tena, mkataka washiriki waeleze nani aliyewagharamia na wathibitishe kwamba malengo yao hayapingani na ya Mkataba. Hapo napo pakabaki mwanya, kwa sababu utaratibu huo haukuwagusa walioingia kwa beji za serikali.

Mwanya huo ndio ulionifanya niandike. Ukiutazama juujuu ni suala la makarani tu. Mimi naamini ndimo fedha za mafuta zinamopita hadi mezani zikiwa zimejifunika bendera ya nchi, na kwamba kuuziba kutaisaidia dunia kuliko aya nyingi za maazimio zinazokesha zikibishaniwa kila Novemba.

Takwimu unazijua, ila wengi watakaosoma barua hii hawajaziona. Muungano wa asasi za kiraia uitwao Kick Big Polluters Out hupitia orodha ya washiriki mnayoichapisha wenyewe na kuwahesabu washawishi wa kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe pamoja na vyama vyao vya biashara. Glasgow, mwaka 2021, waliwakuta 503. Sharm el-Sheikh, mwaka uliofuata, 636. Dubai, 2,456. Baku, mwaka 2024, 1,773. Belém, 1,602, takriban mtu mmoja kati ya kila 25 waliohudhuria. Ukiiacha Brazili iliyokuwa mwenyeji, hakuna nchi iliyopeleka ujumbe mkubwa kuliko huo. Na hesabu hii huwapata wale tu waliojitaja.

Wingi wao sio unaonisumbua zaidi. Mtu anayekaa kwenye banda la maonyesho akigawa vipeperushi hana madhara makubwa. Wa kuangaliwa ni yule mwenye beji ya ujumbe wa nchi, kwa kuwa beji hiyo humwingiza kwenye vyumba ambavyo waangalizi huombwa watoke pindi mazungumzo yanapokuwa magumu. Ni usiku wa manane wa siku ya mwisho, wajumbe wa nchi ndogo wako wawili tu na wamechoka, rasimu imejaa maneno yaliyofungiwa kwenye mabano, na neno moja linaondolewa. Hakuna mwandishi wa habari aliyemo. Hakuna mwanaharakati aliyemo. Asubuhi hakuna atakayejua nani alilipendekeza neno lile, wala mshahara wake unatoka wapi.

Mambo haya hayakuanza jana. Miaka ya 1990 wakili mmoja wa Washington, Don Pearlman, aliyeendesha kikundi kilichojiita Climate Council, alijulikana katika mikutano hii kwa kuwa karibu na wajumbe wa Saudi Arabia na Kuwait na kuwasaidia kuandaa hoja na marekebisho ya kuwasilisha. Ni katika miaka hiyohiyo, kuanzia mkutano wa kwanza wa Berlin mwaka 1995, ndipo kanuni ya 42 inayohusu upigaji kura ilipokwama kwa upinzani wa nchi zinazouza mafuta. Haijapitishwa mpaka leo. Mikutano yenu inaendeshwa kwa rasimu ya kanuni ambayo kifungu chake cha kura kimewekwa kando, kwa hiyo kila jambo lazima liafikiwe na wote, na nchi chache zenye visima zinaweza kuzizuia nchi karibu 200. Wajumbe wa siku hizi wanairithi kanuni hiyo bila hata kujua ni nani waliofaidika ilipoachwa wazi.

Tuyatazame kwa karibu maneno ya uamuzi wa Dubai, kwa sababu yanaonyesha kazi hii inavyofanyika. Ilibidi ifike mikutano 28 ndipo nishati ya kisukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe, kwa ujumla wake itajwe kuwa kitu cha kuachana nacho. Glasgow walikuwa wamethubutu kutaja makaa ya mawe na ruzuku peke yake. Rais wa mkutano wa Dubai, Sultan Al Jaber, alikuwa wakati huohuo mkuu wa ADNOC, kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi. Mazungumzo yakiwa yamepamba moto, Katibu Mkuu wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, Haitham Al Ghais, aliwaandikia wanachama wake akiwahimiza wakatae maandishi yoyote yatakayoilenga nishati yenyewe badala ya gesi zinazotoka humo. Ni haki kusema kwamba maneno yalipatikana hata hivyo, na yalipatikana chini ya urais wa Al Jaber. Lakini yasome. Yanazitaka nchi zichangie kuhama kutoka nishati ya kisukuku "katika mifumo ya nishati". Maneno hayo machache yanaviacha nje viwanda vya plastiki na kemikali, ambavyo kampuni za mafuta zinavitegemea kwa soko la kesho. Aya inayofuata, ya 29, inasema kwamba nishati za mpito zinaweza kuwa na mchango wake, na kila aliyekuwemo alielewa kuwa inayosemwa hapo ni gesi. Aliyeyaweka maneno hayo alikuwa anajua anachokifanya, na raia wa dunia hii hawana namna ya kujua ni nani.

Baada ya hapo tukarudi nyuma. Baku, Rais Ilham Aliyev wa Azerbaijan alifungua mkutano kwa kuyaita mafuta na gesi zawadi ya Mungu, na mjumbe wa Saudi Arabia akasema kundi la nchi za Kiarabu halitakubali maandishi yanayolenga sekta yoyote, nishati ya kisukuku ikiwemo. Belém, nchi zaidi ya 80 zilitaka pawepo ramani ya kuachana na nishati hiyo. Uamuzi mkuu haukuitaja kabisa. Rais wa mkutano, André Corrêa do Lago, aliishia kuahidi kuiandaa ramani hiyo kwa juhudi zake, nje ya uamuzi rasmi, na Kolombia na Uholanzi zikatangaza kuandaa mkutano wao wenyewe kuhusu suala hilo. Zaidi ya nchi 80 kulazimika kwenda kukutana pembeni ili zizungumzie chanzo kikuu cha tatizo ambalo Mkataba uliundwa mwaka 1992 kulitatua, hilo linapaswa kuinyima usingizi ofisi yako.

Mheshimiwa, fedha hizi huwa zimeshafanya kazi yake kabla ujumbe wa nchi haujapanda ndege. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wanasiasa wanaotafuta kura wanahitaji mikono iliyojaa. Gazeti la Washington Post liliripoti Mei 2024 kwamba mwezi mmoja kabla, kwenye chakula cha jioni huko Mar-a-Lago, mgombea Donald Trump aliwaambia wakuu wa kampuni za mafuta wachange dola bilioni 1 ili arudi Ikulu, huku akiwaahidi kufuta kanuni za mazingira zinazowabana. Aliporudi madarakani, siku ya kwanza kabisa, 20 Januari 2025, alisaini amri ya kuiondoa tena Marekani katika Mkataba wa Paris. Wizara ya Nishati akampa Chris Wright, aliyekuwa mkuu wa kampuni inayotoa huduma za kuchimba mafuta na gesi kwa kupasua miamba. Muhula wake wa kwanza alikuwa amemteua Rex Tillerson, mkuu wa ExxonMobil, kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Nitakaa kidogo kwenye kisa cha jimbo la Ohio, kwa sababu pale mahakama iliyafungua mafaili na tukaona namna fedha inavyogeuka sheria. Si kisa cha mafuta. Ni cha kampuni ya umeme, FirstEnergy, yenye mitambo ya nyuklia iliyokuwa ikipata hasara. Kampuni hiyo na washirika wake walipitisha takriban dola milioni 60 kwa asasi iliyosajiliwa kama ya manufaa ya jamii, lakini iliyokuwa mikononi mwa mwanasiasa Larry Householder. Fedha hizo zilimsaidia kuwachaguza wabunge watakaomuunga mkono, wakamfanya Spika. Mwaka 2019 akapitisha sheria namba 6. Sheria hiyo iliwatoza wateja wa umeme ili kuinusuru mitambo miwili ya nyuklia kwa zaidi ya dola bilioni 1, ikaongeza ruzuku kwa mitambo miwili ya makaa ya mawe, na katika kurasa hizohizo ikalipunguza lengo la jimbo la nishati jadidifu, kama ya jua na upepo, kutoka asilimia 12.5 hadi 8.5. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili sheria hiyo ipigiwe kura ya maoni, fedha kutoka mfuko uleule zikatumika kuwakwamisha. Householder alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Juni 2023. Alipoingia gerezani, wateja wa Ohio walikuwa bado wanalipia ile mitambo ya makaa.

Angalia kwamba aliyefungwa alivunja sheria. Sehemu kubwa ya fedha hizi haivunji sheria yoyote. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Citizens United, Januari 2010, kampuni inaweza kutumia kiasi chochote kushawishi uchaguzi mradi isimkabidhi mgombea moja kwa moja. Katika jimbo la Washington, mwaka 2018, wananchi waliletewa pendekezo la kutoza ada kwenye hewa ukaa. Kampuni za mafuta zilimwaga zaidi ya dola milioni 31 kulipinga, na likashindwa. Kila senti ilitumika kihalali. Miaka 8 kabla, California, kampuni mbili za kusafisha mafuta kutoka Texas, Valero na Tesoro, ziligharamia jaribio la kuisimamisha sheria ya tabianchi ya jimbo, na wapigakura wakaligomea. Nayataja yote mawili ili isionekane kwamba fedha hushinda siku zote. Hushinda zaidi pale mwananchi asipojua nani anayelipa, na California kila mtu alijua.

Kwingine fedha haihitaji hata uchaguzi. Zaidi ya nusu ya mafuta duniani huzalishwa na kampuni za serikali, na serikali inayoishi kwa mafuta haina sababu kubwa ya kumsikiliza mlipakodi, kwa kuwa haimtegemei. Waziri anayekuja kuzungumza tabianchi ndiye huyohuyo, au ni jirani wa ofisi ya huyohuyo, anayeuza mapipa. Fedha ya namna hii husafiri pia. Ufaransa, kesi ya kampuni ya Elf iliyomalizika mwaka 2003 kwa kumfunga mkuu wake wa zamani, Loïk Le Floch-Prigent, iliweka wazi jinsi mapato ya mafuta ya Afrika yalivyokuwa yakinunua urafiki wa wanasiasa wa pande zote mbili za bahari. Baraza la Ulaya lililazimika kuunda tume huru kuchunguza ushawishi wa Azerbaijan miongoni mwa wabunge wake, na ripoti ya mwaka 2018 ikaeleza tuhuma nzito za rushwa; mbunge wa zamani wa Italia, Luca Volontè, akahukumiwa na mahakama ya Milan mwaka 2021. Gerhard Schröder alitoka kwenye kiti cha Kansela wa Ujerumani mwaka 2005 na ndani ya muda mfupi akawa kwenye bodi ya mradi wa bomba la gesi la Nord Stream aliokuwa ameupigia debe akiwa madarakani. Miaka 17 baadaye nchi yake ilikuja kulipa gharama ya kutegemea gesi hiyo.

Kuwa na mafuta sio kosa, na sitaki barua hii isomwe hivyo. Norwei inachimba, lakini mapato yanaingia kwenye mfuko wa umma ambao vitabu vyake viko wazi, na mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme mtupu. Denmark, mchimbaji mkubwa wa mafuta katika Umoja wa Ulaya wakati huo, iliamua Desemba 2020 kutotoa tena leseni mpya katika Bahari ya Kaskazini na kufunga uchimbaji ifikapo 2050. Raia wa Ekwado walipiga kura Agosti 2023 na takriban asilimia 59 wakasema mafuta yaliyo chini ya hifadhi ya Yasuní yabaki ardhini. Walipoulizwa watu badala ya wenye visima, jibu lilikuwa tofauti.

Wapo wanaosema kinachotuchelewesha ni gharama. Miaka 15 iliyopita ningewasikiliza. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, limeonyesha kwamba asilimia 91 ya miradi mikubwa mipya ya nishati jadidifu iliyoanza kazi mwaka 2024 ilizalisha umeme kwa bei nafuu kuliko mbadala mpya wa bei ya chini kabisa wa nishati ya kisukuku. Gharama ya umeme wa jua imeporomoka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010. Mwaka huohuo wa 2024 ziliongezwa gigawati 585 za nishati jadidifu, zaidi ya asilimia 92 ya uwezo wote mpya wa umeme duniani. Hata hivyo lengo la Dubai la kufikia gigawati 11,000 mwaka 2030 linahitaji mwendo wa kasi zaidi ya huo, na vinavyoupunguza ni nyaya za gridi ambazo hazijajengwa, vibali vinavyokaa mezani, mikopo yenye riba kubwa kwa nchi maskini, na ruzuku. Vyote hivyo huamuliwa na wanasiasa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba ruzuku za wazi kwa nishati ya kisukuku zilifika dola trilioni 1.3 mwaka 2022. Baku, nchi tajiri ziliahidi kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na zikajipa muda mpaka 2035.

Najua jibu ambalo ofisi yako imekuwa ikipewa kwa miaka mingi: kampuni hizi zina wahandisi, zina mitaji, bila wao mageuzi hayawezekani, kwa hiyo wakae mezani. Mtangulizi wako, Christiana Figueres, aliyeiongoza ofisi hiyo hadi 2016 na kuifikisha dunia Paris, aliuamini msimamo huo na kuutetea. Julai 2023 aliandika hadharani kwamba alikosea. Kilichombadilisha ni namna kampuni zilivyotumia faida zisizo na mfano za mwaka uliotangulia, mwaka ambao ExxonMobil peke yake ilipata dola bilioni 55.7. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikokotoa kwamba sekta ya mafuta na gesi inachangia asilimia 1 tu ya uwekezaji wa nishati safi duniani. BP iliahidi mwaka 2020 kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ndani ya muongo mmoja. Mwaka 2023 ikashusha ahadi hadi asilimia 25. Februari 2025 ikaachana nayo na kuongeza bajeti ya kuchimba. Mitaji ipo, ila imeelekezwa kwingine.

Na wahandisi wao walishasema. Mwanasayansi James Black aliwaeleza wakuu wa Exxon mwaka 1977 kwamba kuchoma nishati ya kisukuku kunaipasha dunia joto. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulilinganisha makadirio ya ndani ya kampuni hiyo na joto lililotokea kweli, na kukuta asilimia 63 hadi 83 ya makadirio yalikuwa sahihi. Ilhali chama cha wafanyabiashara wa mafuta cha Marekani, API, kilikuwa na mpango wa mwaka 1998 ulioandikwa bayana kwamba ushindi utapatikana raia wa kawaida watakapoiona sayansi ya tabianchi kuwa na mashaka. Mtu anayejua ukweli kisha akalipia mashaka hawezi kuitwa mshauri wa kiufundi.

Umoja wa Mataifa umeshalishughulikia tatizo kama hili mara moja. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, una kifungu cha 5.3 kinachozitaka nchi zizilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya sekta ya tumbaku. Miongozo yake, iliyopitishwa Durban mwaka 2008, inakwenda mbali zaidi na kusema nchi zisimteue mtu aliyeajiriwa na kampuni za tumbaku kwenye ujumbe wake wa mikutano ya mkataba huo. Kampuni za tumbaku nazo zilikuwa na wanasayansi, mitaji na wakulima wa kuwasemea. Nchi ziliamua kwamba kuwakalisha kwenye kikao cha kupanga namna ya kupunguza uvutaji ni kumkabidhi fisi bucha. Nchi ziliendelea kukusanya kodi ya sigara, ziliendelea kuzungumza na viwanda pale ilipolazimu, tena hadharani, ila kalamu zikawanyang'anya.

Kwenye Mkataba unaousimamia wewe jambo hili lilishafunguliwa likafungwa. Mwaka 2016 kundi la nchi zinazoendelea, Ekwado ikiwa mstari wa mbele ingawa yenyewe inachimba mafuta, lilitaka suala la mgongano wa maslahi lijadiliwe. Mei 2017 ikafanyika warsha Bonn. Marekani, Umoja wa Ulaya na Australia hazikulitaka, na limekwama hapo. Mpaka leo Mkataba hauna hata tafsiri ya nini maana ya mgongano wa maslahi. Hukumu ya kukosa tafsiri inawaangukia wasio na visima wala viti vingi, na wewe unawajua. Unatoka Carriacou. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa hicho na karibu kila jengo likaharibika, nawe ukazungumza na dunia ukiwa katikati ya magofu hayo. Nchi yako, Grenada, hupeleka ujumbe mdogo kwenye mikutano hii, unaokaa chumba kimoja na watu ambao hakuna anayewauliza wamelipwa na nani.

Mipaka ya madaraka yako naijua: nchi ndizo huamua, sekretarieti huhudumia. Lakini usajili ni kazi ya sekretarieti, kwa hiyo ombi langu la kwanza liko ndani ya uwezo wako na halihitaji maafikiano ya mtu. Ondoeni lile jibu la kutotaja. Mtakeni kila mwenye beji, ya nchi au ya waangalizi, aseme mwajiri wake na aliyemgharamia, na orodha ichapishwe kabla mkutano haujaanza, wakati bado inamsaidia mwandishi wa habari na mpiga kura wa nchi husika. Serikali isiyotaka kusema mshauri wake analipwa na nani isajiliwe hivyohivyo, na sehemu hiyo iachwe tupu ili ionekane.

La pili linahitaji ushupavu zaidi. Pelekeni tafsiri ya mgongano wa maslahi kwenye ajenda ya vikao vya Juni vya Bonn, mkitumia kifungu cha 5.3 kama kielelezo. Hoja ya kisheria ina nguvu sasa kuliko mwaka 2017, kwa sababu tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililoanzia Vanuatu, ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kuulinda mfumo wa tabianchi, na kwamba kutoa leseni za kuchimba na ruzuku za nishati ya kisukuku kunaweza kuhesabiwa kuvunja wajibu huo. Ikiwa leseni yenyewe inaweza kuwa kosa, basi mwenye leseni hana nafasi katika chumba kinachoandika kanuni.

La tatu ni uenyeji. Novemba 2024 Figueres, Ban Ki-moon na wengine waliandika barua wakitaka nchi zisizounga mkono kuachana na nishati ya kisukuku zisipewe mkutano. Mimi siendi mbali kiasi hicho, kwa kuwa naona inafaa mikutano ifike hata kwenye nchi za mafuta, mbele ya wananchi wake. Ninachotaka ni kwamba rais wa mkutano asiwe mtu mwenye cheo katika kampuni ya nishati ya kisukuku, na kwamba mkataba wa uenyeji umkataze kujadili biashara ya mafuta na gesi na wageni wake muda wote wa urais. Mkutano wa 32 utafanyika Addis Ababa mwaka 2027. Afrika inao watu takriban milioni 600 wasio na umeme, na inao washawishi wanaoiambia kila siku kwamba mwanga wao utatoka kwenye bomba la gesi la kuuzwa nje. Sharti hili liingizwe kwenye mkataba wa Addis Ababa, na lipelekwe kwa nchi zote zilitolee kauli kabla hamjausaini. Zitakazokataa, majina yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Wako mwaminifu,

Mfuatiliaji wa mazungumzo ya tabianchi